Vuelta 2011: Juan José Cobo na sekunde 13 zilizomnyima Froome jezi nyekundu

Mpanda Milima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila Chris Froome anapotajwa humu jukwaani, mtu huandika kwamba ni bingwa wa Tour de France mara nne, na hadithi inaishia hapo. Lakini ukifuata orodha ya miaka, ubingwa wake wa kwanza wa mbio za wiki tatu si wa Ufaransa, ni wa Hispania: Vuelta a España ya 2011. Aliupata Julai 2019, kwa tangazo la shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI. Kwa miaka minane katikati, ubingwa ule ulikuwa wa mtu ambaye wengi wetu hatumfahamu kabisa, Juan José Cobo. Nataka tumjadili yeye kwanza, maisha yake ya kazi tangu mwanzo, kwa sababu naona hadithi yake husimuliwa kwa sentensi moja tu ya "alikamatwa akanyang'anywa", na sentensi hiyo haitoshi.

Cobo alizaliwa Februari 1981 Cabezón de la Sal, katika jimbo la Cantabria, kaskazini mwa Hispania. Kule si Hispania ya jua na vumbi tunayoiona kwenye picha. Ni milima ya kijani, mvua na ukungu unaotoka Atlantiki, na barabara nyembamba zinazopanda bila huruma. Watu wake walimpa jina la Bisonte wa La Pesa. Aliingia kwenye baiskeli za kulipwa 2004 na timu ya Saunier Duval. Alikuwa mpandaji milima wa kweli, lakini hakuwa na uthabiti: wiki moja moto, miezi kadhaa huisikii habari yake. 2007 alishinda mbio za Nchi ya Basque, na anayezijua mbio zile anajua kuwa hakuna anayezishinda kwa bahati. Ni siku chache, vilima vifupi vikali, na wapinzani ni wale wale wanaojiandaa kwa Tour.

Halafu ikaja Julai 2008. Nadhani ndiyo sehemu muhimu zaidi ya kumwelewa mtu huyu.

Hatua ya 10 ya Tour de France, tarehe 14 Julai, kileleni Hautacam kwenye Pyrenees. Wapanda baiskeli wawili wa Saunier Duval walifika pamoja wakiwa wamewaacha wengine: Leonardo Piepoli wa Italia mbele, Cobo wa pili. Siku chache tu baadaye mwenzao Riccardo Riccò, aliyekuwa ameshashinda hatua mbili, alitangazwa kukutwa na CERA, aina mpya ya EPO (dawa ya kuongeza seli nyekundu za damu) ambayo yeye na wenzake waliamini maabara haziwezi kuiona. Timu nzima ikafungasha mizigo na kutoka kwenye Tour. Piepoli akafukuzwa kazi, na baadaye vipimo vyake pia vikaonyesha CERA. Matokeo yake ni kwamba ushindi wa Hautacam ukashuka kwa Cobo. Maana yake, mtu huyu alishawahi kupewa ushindi kwa sababu aliyekuwa mbele yake alitumia dawa. Miaka kumi na moja baadaye meza ikageuka.

2009 timu ilibadilisha jina ikawa Fuji-Servetto, na Cobo akashinda hatua ya Vuelta iliyoishia La Granja de San Ildefonso. 2010 alihamia Caisse d'Epargne na mambo yakaharibika. Hakuwa na matokeo, hakuwa na hamu, na alikaribia kuutupa mchezo kabisa. Waliomrudisha ni mabosi wake wa zamani wa Saunier Duval, Mauro Gianetti na Joxean Fernández Matxin, ambao 2011 walikuwa na timu mpya, Geox-TMC. Manahodha wake walikuwa Denis Menchov na Carlos Sastre, wote mabingwa wa zamani wa mbio kubwa, yaani zile za wiki tatu. Timu ile haikupewa mwaliko wa Tour mwaka ule. Vuelta ndiyo ilikuwa Tour yao, ndoa yao na kila kitu chao.

Nitaendelea na Vuelta yenyewe kwenye posti inayofuata, maana ikiwa ndefu sana simu zingine hazifungui.

Mpanda Milima

Tuendelee.

Vuelta 2011 ilianza Benidorm tarehe 20 Agosti na kumalizika Madrid tarehe 11 Septemba. Timu ya Sky ya Uingereza ilimleta Bradley Wiggins kama nahodha. Chris Froome aliitwa dakika za mwisho kumsaidia. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na hakuna aliyekuwa na uhakika kama angepewa mwingine.

Siku ya mbio dhidi ya saa Salamanca, kila mtu akiendesha peke yake, Tony Martin alishinda, lakini wa pili alikuwa msaidizi, Froome, mbele ya Wiggins mwenyewe. Froome akavaa jezi nyekundu ya kiongozi wa mbio. Hatua iliyofuata, kwenye mpando wa kwenda Manzaneda, mvaa jezi nyekundu alitangulia kumkinga nahodha wake na upepo hadi akachoka, akapoteza sekunde 27 kwa Wiggins, na jezi ikahama ndani ya timu. Sikumbuki kuona kitu kama kile mara nyingi: kiongozi wa mbio anafanya kazi ya mbeba maji.

Halafu Angliru, hatua ya 15. Mlima huu uko Asturias. Una kilomita 12.5 na unapanda zaidi ya mita 1,200. Nusu ya kwanza unaweza kuivumilia. Nusu ya pili ni ukuta, na pale panapoitwa Cueña les Cabres mwinuko unafika asilimia 23.5. Kwa asiyezoea namba hizo: kwenye asilimia 10 mtu wa kawaida mwenye baiskeli nzuri tayari anatafuta pa kushuka asukume kwa mguu. Kwenye 23 gurudumu la mbele linataka kuinuka ukisimama kwenye pedali, na la nyuma linateleza.

Cobo aliondoka zikiwa zimebaki kilomita kama sita. Aliondoka taratibu, bila kishindo, na hakuna aliyeweza kumfuata. Nyuma yake Froome alikuwa anamvuta Wiggins, akigeuka nyuma kumtazama kama bado yupo, mpaka Wiggins alipokwisha kabisa karibu na juu na Froome akaruhusiwa kwenda. Kwa saa, Cobo alifika sekunde 48 mbele ya Wout Poels, Menchov na Froome. Pia alizawadiwa sekunde 20 za bonasi ya mshindi. Jioni ile jezi ikawa yake, Froome wa pili kwa sekunde 20.

Siku tatu baadaye, Peña Cabarga. Cantabria, nyumbani kwa Cobo, watu wamejaa barabara yote wakipiga kelele za jina lake. Froome alishambulia ndani ya kilomita ya mwisho, akamwacha. Cobo akarudi, akamfikia, akampita. Watu walidhani imekwisha. Kwenye kona ya mwisho kabisa Froome akaja tena na kushinda hatua. Pengo likabaki sekunde 13, na sekunde 13 hizo zikafika Madrid bila kubadilika. Wiggins alikuwa wa tatu, Bauke Mollema wa nne.

Juni 2019 jopo la UCI lilimtia Cobo hatiani kwa kutumia njia iliyopigwa marufuku, kwa ushahidi wa pasipoti yake ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu yake, ya 2009 na 2011. Akafungiwa miaka mitatu, wakati alikuwa ameshastaafu. Hakukata rufaa katika muda aliopewa. Julai, Froome akatangazwa bingwa.

Hoja yangu ninayotaka tuijadili: ubingwa ulirudishwa, sawa, lakini hukumu ilimbeba mtu mmoja tu. Na kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, huu ndio ubingwa wa kwanza wa mbio kubwa wa mtu aliyejifunza baiskeli kwenye barabara za Kenya, na hatuutaji hata kidogo. Karibuni.

Kijana wa Dagoretti

Mkuu, uzi wa maana sana huu. Wacha niongeze upande wa nyumbani kwa sababu huku tunaujua vizuri.

Froome alizaliwa Nairobi Mei 1985. Aliyemfundisha baiskeli ni David Kinjah, mwenyewe mwendesha baiskeli wa timu ya taifa ya Kenya, na kikundi chake cha Safari Simbaz upande wa Kikuyu. Mzungu mdogo kati ya vijana wa kijijini, wanapanda baiskeli za milimani kwenye vumbi na kula pamoja. Alipanda kwa leseni ya Kenya mpaka 2008, kisha akahamia ya Uingereza. Alivaa rangi za Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne 2006.

Na kuna jambo la 2011 ambalo watu hawalijui. Mwishoni mwa 2010 aligundulika ana kichocho. Ndiyo, kichocho hiki hiki chetu cha maji ya mito na mabwawa. Daktari akaeleza kwa nini mwili wake ulikuwa unapanda na kushuka vile, siku moja ana nguvu, siku ya pili hawezi kushika kundi. Alianza kutibiwa, na msimu uliofuata ndio hiyo Vuelta. Mtu anayepambana na kichocho na anayemvuta nahodha wake juu ya Angliru alifika sekunde 48 tu nyuma ya mtu ambaye leo tunajua damu yake haikuwa sawa. Nikiisoma hivyo naumia.

Nyundo ya Mwanza

Nisamehe mkuu, sikubaliani na hizi hasira za upande mmoja. Froome naye 2017 kwenye Vuelta hiyo hiyo alikutwa na salbutamol juu ya kiwango. Halafu mnasema ameonewa. Kwenye baiskeli zile za Ulaya mimi namwamini nani? Armstrong alinyang'anywa Tour saba. Contador, Mhispania mwingine, alinyang'anywa Tour ya 2010. Mnampa ubingwa aliyekuwa wa pili, naye kesho anachunguzwa. Bora wangeacha nafasi ya kwanza wazi, kama walivyofanya kwa miaka ya Armstrong.

Mpanda Milima

Nyundo, hoja yako ni nzito, naijibu kwa heshima.

Salbutamol ni dawa ya pumu inayoruhusiwa kwa kuvuta, ila kuna kiwango. Kipimo cha Froome kilivuka. Kesi ilichukua miezi, na Julai 2018 UCI ikaifunga baada ya ushauri wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, kwamba matokeo yale hayakuwa kosa. Unaweza kuwa na shaka zako, hiyo ni haki yako. Lakini kisheria amesafishwa, na Cobo ametiwa hatiani. Siwezi kuyaweka kwenye mizani moja.

Kuhusu kuacha wazi: kwa Armstrong waliacha wazi kwa sababu ukishuka kwenye orodha za miaka ile unakutana na jina baada ya jina lenye kesi. Vuelta 2011 si hivyo. Wa pili, wa tatu na wa nne hawakuwa na hukumu yoyote juu ya mbio zile. Ukiacha wazi hapo unawaadhibu wao.

Bi Maabara

Habari zenu. Nafanya kazi ya maabara ya damu, hospitalini si michezoni, lakini naona hapa watu wanataja pasipoti ya kibayolojia kana kwamba ni kipimo cha dawa. Sicho, na ndiyo maana kesi ya Cobo ilichelewa hivyo.

Kipimo cha kawaida kinatafuta dawa yenyewe kwenye mkojo au damu. Ukiitumia Jumatatu na kupimwa wiki mbili baadaye, mara nyingi imeshatoka mwilini. Pasipoti inafuata njia nyingine. UCI waliianza 2008. Mwanamichezo anatolewa damu mara nyingi kwa miaka, na kila mara wanaandika vitu viwili vikubwa: himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni, na retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho siku chache zilizopita. Mwili wenye afya una mizani yake kati ya hivyo viwili.

Ukichomwa EPO, uboho unasukumwa kutengeneza seli, retikulosaiti zinapanda. Ukiacha EPO, au ukirudishiwa damu yako mwenyewe iliyotunzwa kwenye friji, himoglobini iko juu lakini uboho unasema "zimetosha", retikulosaiti zinaanguka chini isivyo kawaida. Kompyuta inalinganisha namba zako na namba zako mwenyewe za nyuma, haikulinganishi na jirani. Ndiyo maana mtu wa Iten au Kaptagat aliyezaliwa juu ya mita 2,000 na himoglobini ya juu haonekani mkosaji kwa sababu hiyo tu. Damu yake ina historia yake.

Kisha wataalamu wanapewa grafu bila jina. Wasipokubaliana, kesi haiendi. Wakikubaliana, mwanamichezo anaombwa maelezo: ulikuwa mgonjwa? Ulikaa milimani? Ulipungukiwa maji? Yote hayo yanapimwa. Unaona sasa kwa nini inachukua miaka. Pasipoti ya 2009 na 2011 inasomeka vizuri zaidi ukiwa na miaka mingi ya kulinganisha.

Mwana wa Eldoret

Bi Maabara ubarikiwe. Huku kwetu neno hilo la pasipoti tunalijua kwa uchungu. Abraham Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni Valencia 2018, dakika 58 na sekunde 18. Mwaka uliofuata alifungiwa miaka minne kwa pasipoti, na rekodi ikafutwa. Hakuna sampuli moja ya dawa iliyotolewa, ni hizo namba zake tu zilizokataa kulingana.

Na tukiongelea ubingwa wa kuletewa nyumbani: Beijing 2008, mita 1,500, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda, Asbel Kiprop wa pili. Ramzi alikutwa na CERA, dawa ile ile ya Riccò na Piepoli, majira yale yale ya joto ya 2008. Dhahabu ikaja kwa Kiprop. Hakusimama juu Beijing, hakusikia wimbo wa taifa pale uwanjani. Halafu baadaye Kiprop mwenyewe akafungiwa kwa EPO. Mpaka leo nikiiangalia hadithi ile sijui nimpangie nani huruma yangu.

Kwa hiyo mkuu unaposema Cobo alipewa Hautacam kwa sababu ya CERA ya Piepoli, halafu yeye akanyang'anywa Vuelta, mimi nimeelewa mara moja.

Nyundo ya Mwanza

Hiyo ya Kiprop nilikuwa nimeisahau. Hapo mmenigusa. Ila swali langu bado: mwanzisha uzi amesema hukumu ilimbeba mtu mmoja. Alitaka imbebe nani?

Mpanda Milima

Nilikuwa nasubiri swali hilo.

Tazama timu. 2008 Saunier Duval: Riccò CERA, Piepoli CERA. Baadaye Cobo, aliyekuwa kwenye timu hiyo hiyo, akiwa chini ya uongozi huo huo, anatiwa hatiani kwa mwaka 2009 (Fuji-Servetto, timu ile ile kwa jina lingine) na 2011 (Geox, viongozi wale wale). Watatu kutoka nyumba moja. Sisemi kiongozi yeyote alimpa dawa. Hakuna mahakama iliyosema hivyo na mimi si mahakama. Nasema kitu kingine: hukumu ya UCI ilimtaja Cobo peke yake, na mfumo mzima wa pasipoti umejengwa kumsoma mwanamichezo mwenye mshipa. Damu ya meneja haipimwi. Mdhamini hapimwi. Daktari wa timu hapimwi.

Gianetti na Matxin leo wanaongoza UAE Team Emirates, timu ya Tadej Pogačar, mojawapo ya timu tajiri kabisa duniani. Wanafanya kazi yao kihalali. Cobo jina lake limefutwa kwenye orodha ya mabingwa. Naona hapo pana pengo ambalo mchezo wenyewe haujalijaza, na linahusu riadha ya Kenya pia: mkimbiaji wa miaka 22 anafungiwa, lakini wakala na aliyemuuzia dawa, ni mara ngapi tunasikia majina yao?

Mwana wa Eldoret

Mara chache sana. Chache mno. Mkimbiaji anarudi kijijini na aibu, wengine wanatafuta kijana mwingine.

Mswahili wa Muscat

Assalamu alaikum wakuu. Niko huku Oman miaka mingi, na baiskeli huku zimekuwa jambo kubwa. Tour of Oman hupanda Jabal al-Akhdar, Mlima wa Kijani, na huo si mlima wa mchezo hata kidogo. Froome alishinda Tour of Oman 2013 na tena 2014. Na jirani zetu Imarati wana UAE Tour, wanapanda Jebel Hafeet kule Al Ain. Timu aliyoitaja mkuu ni fahari ya watu wa huko.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: Cobo mwenyewe baada ya 2011 ilikuwaje? Maana mtu ukishinda Vuelta unatarajia milango yote ifunguke.

Mpanda Milima

Waalaikum salaam ndugu yangu.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu. Mwezi mmoja tu baada ya Madrid, kampuni ya viatu ya Geox ilitangaza kujitoa kwenye udhamini. Bingwa wa Vuelta akawa hana timu. Movistar, timu kubwa ya Hispania, wakamchukua 2012. Alikwenda Tour, alikwenda Vuelta akiwa na namba ya bingwa mtetezi mgongoni, na hakuonekana popote mlimani. Si kwamba alishindwa kwa karibu, hapana. Hakuwepo kabisa. Msimu wa 2013 vivyo hivyo. 2014 alimalizia kwenye timu ndogo ya Uturuki, Torku Şekerspor, na huo ukawa mwisho wake.

Ukiweka kazi yake yote mezani unapata: wiki nzuri Basque 2007, mpando mmoja Hautacam uliotiwa doa na mwenzake, hatua ya La Granja 2009, na wiki tatu za 2011. Kilichobaki ni ukimya. Wakati ule waandishi walieleza kuwa ni mtu wa hisia, akiwa na furaha anaruka, akiwa na huzuni hawezi. Maelezo hayo huenda yana ukweli ndani yake. Lakini ukiwa na pasipoti mkononi, unaisoma ile miaka kwa jicho jingine, na huwezi tena kutenganisha kipaji na kilichoongezwa. Hilo nadhani ndilo hasara yake kubwa mwenyewe. Alikuwa na miguu, hakuna dawa inayompandisha mtu wa kawaida Cueña les Cabres kwa kasi ile. Ila miguu ile ilikuwa na thamani gani peke yake, hatutajua kamwe.

Kijana wa Dagoretti

Nami niulize kuhusu siku yenyewe ya tangazo. Nakumbuka Froome alikuwa hospitali?

Mpanda Milima

Ndiyo. Tarehe 12 Juni 2019 Froome alikuwa Roanne, Ufaransa, anakagua njia ya mbio dhidi ya saa za Dauphiné, mbio za Ufaransa za kabla ya Tour. Alianguka kwa kasi kubwa akagonga ukuta. Alivunjika fupa la paja, kiwiko, mbavu. Akapelekwa Saint-Étienne, akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kesho yake, tarehe 13, UCI wakatangaza uamuzi juu ya Cobo.

Kwa hiyo habari kwamba yeye ndiye mshindi wa Vuelta 2011 ilimkuta kitandani, mwili umefungwa vyuma. Na baada ya ajali ile hakushinda tena mbio yoyote. Siku yake nzuri kuliko zote baadaye ilikuwa Alpe d'Huez 2022, alipofika wa tatu.

Kwa tangazo lile idadi yake ya mbio kubwa ikafika saba: Tour nne, Vuelta mbili, Giro ya Italia moja. Na kwa vitabu vya Uingereza likabadilisha kitu kingine: kabla ya hapo Mwingereza wa kwanza kushinda mbio kubwa alikuwa Wiggins, Tour 2012. Sasa ni Froome, kwa mbio ambazo Wiggins alikuwa bosi wake.

Bi Maabara

Subiri kidogo. Hiyo ina maana kwamba Sky wangejua ukweli mapema, labda 2012 wasingempa Wiggins unahodha bila swali?

Mpanda Milima

Hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko yote. Kumbukeni Tour ya 2012: Froome alikuwa wa pili nyuma ya Wiggins, na kwenye mpando wa La Toussuire alimwacha nahodha wake, kisha akaambiwa kwa redio arudi, akapunguza mwendo. Dunia nzima iliona. Sasa fikiria angeingia kwenye mbio zile akiwa bingwa wa Vuelta anayetambuliwa, mwenye jezi nyekundu ya Madrid ukutani kwake. Sisemi lazima angeshinda, maana Tour ile ilikuwa na kilomita nyingi za mbio dhidi ya saa, na Wiggins alikuwa hatari kwenye hizo. Ila mazungumzo ya nani nahodha yasingekuwa yale.

Wanaosema "aah, si amerudishiwa" hawatazami hapo. Tangazo la 2019 lilirekebisha orodha. Mikataba, nafasi ndani ya timu, nani anamvuta nani mlimani, hayo yalishapita.

Nyundo ya Mwanza

Nimekuelewa sasa. Bado siwaamini wote, lakini nimekuelewa. Na huyu Mollema je, aliyekuwa wa nne?

Mpanda Milima

Mollema ni mfano mwingine. Mholanzi, kijana wakati ule, aliondoka Madrid na jezi ya pointi lakini bila kukanyaga jukwaa la washindi watatu. 2019 akawa wa tatu kwenye orodha. Alipanda baiskeli miaka mingi sana baadaye, akashinda hatua za Tour, akashinda Il Lombardia, mbio za siku moja za Italia, 2019, lakini nafasi ya kusimama kwenye jukwaa la mwisho la mbio za wiki tatu ilikuwa ile, na alikuwa chini anaangalia.

Poels naye, aliyefika wa pili Angliru. Fikiria kupanda ukuta ule mbele ya watu wote duniani isipokuwa mmoja.

Kijana wa Dagoretti

Mimi napendekeza hivi. Safari Simbaz bado wapo, Kinjah bado anafundisha watoto. Mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, na vijana wetu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania waliona kwa macho. Mwenye nafasi ya kuandika au kutangaza habari za michezo kwa Kiswahili, akiorodhesha mafanikio ya Froome, aanze na Vuelta 2011. Na aseme jina la Cobo pia, aeleze ilikuwaje, watoto wa baiskeli walijue mapema.

Mpanda Milima

Naunga mkono, mkuu. Jumamosi nitaweka uzi mwingine juu ya hatua ya Peña Cabarga peke yake, kilomita ile ya mwisho, mita kwa mita. Mwenye video nzima ya siku ile bila matangazo anipe kiungo PM.